Chumba cha Wasafiri

Kampuni kubwa ya ndege ilipoinunua ile ndogo, ndege ya kutoka kisiwani kwenda Mwanza ilifutwa, na meli zilishakoma zamani. Uwanjani palibaki chumba ambamo abiria alikutanishwa na sura ya mtu wake iliyoundwa na mashine, ikiongea na kucheka kama mwenyewe. Kila Jumamosi Nyanjige alikwenda humo kumwona mumewe, Magesa, aliyelazwa Mwanza.

Siku hiyo alikuwa ameketi mbele ya sura hiyo simu yake ilipoita.

“Shemeji,” alisema mdogo wake Magesa huku akilia, “kaka ametutoka alfajiri. Tunazika kesho.”

Nyanjige alikata simu. Machozi hayakuja. Magesa alikuwa akimtazama, akitabasamu.

“Nani huyo, mama Bugingo?”

“Mdogo wako.”

“Anasemaje?”

“Anakusalimu,” alijibu, akavuta kiti karibu.