Mgongo wa Nungunungu

Mtoto wa Paa alizaliwa Jumanne asubuhi, majuma matatu kabla ya wakati. Paa alimficha kwenye nyasi akakaa mbali, kama ukoo wake unavyofanya ili chui asifuate harufu ya mama. Kufikia adhuhuri mtoto alikuwa wa baridi na hanyonyi.

Nungunungu alifika bila kuitwa, akifuatana na mwanawe.

"Mlaze kifuani, mwenzangu," alimwambia Paa. "Usimwache peke yake."

Shangazi yake Paa alicheka. "Mwenye miiba mgongo mzima anakuja kutufundisha kukumbatia! Nenda zako, bibi."

Nungunungu alilala chali akaonyesha tumbo lake. Halikuwa na mwiba hata mmoja. "Wangu alizaliwa mdogo kuliko huyo. Alikaa hapa siku arobaini."

Paa alimtazama yule mwana, aliyekuwa akitafuna mzizi. "Ndiye huyu?"

"Ndiye. Sasa ananimalizia mihogo."

"Na chui akija?"

"Atakutana na mgongo wangu kwanza."

Paa alimtoa mtoto nyasini akamlaza kifuani. Nungunungu aliwapa mgongo akakaa hapo. Chui alipita mara mbili, akaiona miiba, akaenda zake. Siku ya tatu mtoto alinyonya. Siku ya ishirini alisimama.

Mwezi uliofuata Sungura alijifungua kabla ya wakati. Wa kwanza kufika alikuwa Paa, pamoja na mwanawe. Shangazi alifuata nyuma, amebeba majani makavu ya kutandika.