Mpungate wa Feisal

Husna alikata mzizi wa tatu. Ulikuwa mweusi, laini kama tende iliyolowa, nao ulinuka. Akauweka kando na kuutazama mpungate uliolazwa juu ya gazeti, mfupi, miiba tele, shina limegeuka manjano. Hii ilikuwa mara ya nne kuoza tangu Ramadhani. Jamani, mmea wa jangwani unakufaje kwa maji hapa kijijini Munje, katika nyumba ambayo maji yenyewe ni ya kuteka kisimani?

"Utapona?" aliuliza Bi Mwanamkasi, mavyaa wake, kutoka mlangoni.

"Utapona, mama. Lakini tafadhali, usiunyweshe."

"Nauonea huruma, mwanangu. Nikiuona umekauka, mkono unakwenda wenyewe."

Mpungate ulikuwa wa Feisal, mumewe Husna. Miaka sita iliyopita, siku ya kwenda Omani kuendesha malori, aliuweka dirishani akasema kwa mzaha, "Huu haufi. Ukiuona u hai, jua nami ni hai." Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Ijumaa, wa pili siku za sikukuu tu. Baada ya hapo kimya, mwaka wa nne huu.

Swabir, kaka yake Husna, alikuwa amesema mpaka mate yakamkauka. "Twende kwa kadhi akutoe katika ndoa hii. Umri unakwenda." Jibu lilikuwa lile lile: siku mpungate utakapokufa, atakwenda. Si kwamba aliamini. Mmea haujui habari za watu, hilo alilijua fika. Lakini angemtazamaje yule mama usoni amwambie, mwanao nimeshamhesabu maiti? Bi Mwanamkasi hakuwa na mtoto mwingine. Basi kila jioni, akitoka kukunja mashuka hotelini Diani, miguu imevimba, mgongo hauna hali, Husna alipiga magoti mbele ya kopo la mmea. Alikuwa amechoka. Wallahi, alikuwa ameuchoka mpungate, na simu isiyolia, na kitanda kipana.

Nahashon, mtunza bustani wa hotelini, mtu wa bara, ndiye aliyempa somo.

"Hiyo kitu haitaki maji, sista. Kata yote imeoza, uache kwa kivuli siku tatu kidonda ikauke. Halafu mchanga na kokoto, kopo utoboe chini. Maji, mara moja kwa wiki mbili. Kwani ni nani anaimwagia?"

"Mama mkwe. Anaupenda."

"Basi anaipenda vibaya."

Husna alifuata kila neno. Akaukausha, akaupanda upya, akaupandisha juu ya kabati karibu na dirisha, mahali ambapo mkono wa mzee haufiki. Wiki ya tatu ikachomoza ncha ya kijani, ndogo kuliko punje ya mtama. Alipomwonyesha Bi Mwanamkasi, mzee alilia. Husna naye akalia. Haya, akajiambia, angalau taabu yangu imezaa kitu, mama amepata tumaini lake.

Alhamisi iliyofuata umeme ulipotea hotelini, watu wa dobi wakaruhusiwa mapema. Husna alifika nyumbani adhuhuri.

"Shikamoo, mama!"

Akaingia ndani. Bi Mwanamkasi alikuwa amesimama juu ya kigoda, mguu wake mbovu unatetemeka, mkono mmoja umeng'ang'ania kabati, wa pili umeinua birika. Maji yaliyokuwa yakimiminika kwenye kopo yalikuwa yakifuka mvuke.

"Mama! Maji ya moto?"

Mzee hakushtuka. Alimimina mpaka tone la mwisho, ndipo akashuka taratibu na kuketi kitandani, birika mapajani.

"Ya baridi yameshindwa," alisema. "Kila nikiuua, wewe unaufufua. Nenda kwa kadhi, mwanangu, kama ulivyomwahidi kaka yako. Feisal hunipigia Jumapili, ukiwa kazini. Mkewe wa huko amejifungua mtoto wa tatu."