Filmu Iliyokwama Ndani

"Usiguse hapo!" alisema Norbert, na Pulchérie akauondoa mkono wake kama aliyegusa chungu cha moto.

Walikuwa wamejifungia chumbani kwa Norbert, pale Fizi, pazia limeshushwa ingawa kulikuwa kumekucha zamani. Mezani kulikuwa na kamera ya zamani, nzito, yenye macho mawili, ya aina ile ambayo mpiga picha huiegemeza tumboni na kuichungulia kutoka juu.

"Ukifungua huu mulango wa nyuma ku mwangaza, picha zote zimekufa," Norbert alisema. "Na iko na ugonjwa, siwezi kukuficha. Manivela ya kuvuta filmu haizunguke tena. Ilikatala tangu ile siku."

Pulchérie hakuuliza siku ipi. Mji mzima wa Baraka uliijua. Norbert alikuwa amepanda milimani kupiga picha za harusi, na watu wenye bunduki wakaingia uani wakifyatua risasi, maharusi wakiwa wanakata keki. Kabla hajakimbia, kidole chake kilibonyeza chenyewe. Hakuchungulia, hakujua alichokipata. Kisha akaanguka na kamera kwenye mawe. Tangu hapo filmu ilikwama ndani. Norbert hakuwa tena na dawa za kuiosha, wala moyo wa kuiona.

"Sura zitaonekana?" Pulchérie aliuliza.

"Mama, hii filmu ni kubwa, haiko kama ya zile kamera ndogo. Kama muntu alisimama mbele yake, utamujua hata kwa kovu." Akapangusa vumbi juu ya kioo. "Uvira kuko muzee moja, anaweza kuifungulia mu giza. Atakutolea zote, mupaka ya mwisho."

Pulchérie alifumba macho kidogo. Kisha akaweka noti zake mezani. Norbert hakuzigusa.

"Ulipoteza nani kule, mama?"

Pulchérie aliiangalia kamera. Machozi yalimtoka yenyewe. Norbert akainamisha kichwa, akaivingirisha kamera ndani ya kitenge kwa mikono yake mwenyewe.

"Uende mbio," alinong'ona. "Kuko mwanaume moja anaitafuta. Muntu wa koti ya bluu. Alifika hapa, muke wangu akamudanganya eti nilisafiri. Kama ni wa kundi ya wale wa bunduki, sijue. Lakini akiipata yeye..."

 Pulchérie alikwisha kuitia kamera kikapuni na kuifunika kwa majani ya sombe.

Eloge, mwendesha pikipiki aliyemleta kutoka Baraka, alikuwa akimsubiri nje. Wakaanza kuteremka. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua, na kila walipoangukia shimo Pulchérie alikibana kikapu kifuani, akihofia mlango ule wa nyuma usije ukafunguka ndani ya giza la sombe, ama ukakataa kufunguka kabisa. Hakujua hata kipi kibaya zaidi.

Walipopita vilima vya kwanza, alisikia mngurumo mwingine nyuma yao. Akageuka.

Koti la bluu.

"Eloge, kaza!"

"Mama, njia ni mubaya, tutaanguka!"

"Tuanguke! Kaza!"

Pikipiki iliruka. Tope lilimrukia mdomoni, na mate hayakuwepo ya kulitema. Kila kona alidhani wamemwacha yule mtu, na kila baada ya kona mngurumo ulirudi, karibu zaidi.  Alijaribu kusali Salamu Maria, akapotea katikati, akaanza upya, akapotea tena.

Darajani kulikuwa na lori la magunia ya mihogo, limekwama limekaa mshazari. Hapakuwa na pa kupita. Eloge alifunga breki. Pulchérie alishuka kabla pikipiki haijasimama, akakimbilia mtoni na kikapu chake, matete yakimkwaruza usoni, kandambili moja ikabaki matopeni.

Nyuma yake matete yalivunjika. Mtu alikuwa anakuja.

Mbele yake maji yalikuwa mengi, mekundu, yanakwenda kasi. Akaichomoa kamera kutoka kitengeni, akaachia kikapu, akageuka, sombe zimetawanyika miguuni.

Mwanamume wa koti la bluu aliinua mikono yote miwili. Mitupu. Alikuwa mzee kuliko alivyodhani, amekonda, koti limemzidi mabega.

"Usiniogope, mama," alisema akihema. "Mi naitwa Bukuru. Bibi-harusi wa ile siku, Espérance, alikuwa mutoto wangu."

Akapiga magoti kwenye matope.

"Nilikuona unatoka kwa Norbert na kikapu, nikaelewa. Kamera ni yako, ulinunua, siikatale. Ile picha moja tu, waioshe, niipeleke ku tribunal, mbele ya jaji. Kila mara wananiuliza: papa, uliona nani? Na mi sikuona. Nililala chini, nikaficha uso. Mutoto wangu anaanguka, mi nimeficha uso." Akainua uso. "Nisaidie, mama. Nimujue tu."

Pulchérie alimtazama. Huyu ndiye aliyekuwa amemkimbia njia nzima, na sasa yuko magotini, hana hata fimbo. Lakini hofu yake haikupungua. Ilizidi.

"Unisamehe, papa Bukuru," alisema.

Kidole gumba chake kikapata kitasa. Mlango wa nyuma ukafunguka, na jua la mchana likaingia. Akaikamata filmu, akaivuta yote mpaka mwisho wake, ikajikunja juu ya mawe.

Bukuru alipiga yowe. Alivua koti, akalitupa juu ya filmu na kuilalia kwa mwili wake, kama anayeuzima moto.

"Sababu ya nini, mama? Sababu ya nini?"

Pulchérie aliiweka chini kamera tupu.

"Mutoto wako alikufa, papa," alisema. "Wangu, ule mwenye alimupiga wako risasi, iko muzima."