Sauti Kutoka Kiti Kitupu

Siku hizi marubani huendesha ndege wakiwa nyumbani. Kampuni ya ndege ilimletea Tunu kiti na vioo vya kuongozea ndege, ikavifunga katika chumba cha marehemu babake, na tangu hapo mamake, Bi Mishi, humwona mgongo tu.

Zamani ndiyo ilikuwa raha. Tunu alikuwa akirudi kutoka uwanjani, viatu mkononi, na Bi Mishi akimtilia maji moto ya chumvi kwenye beseni aloweke miguu, huku akisimuliwa mawingu mpaka chai ipoe.

Leo zamu iliisha mapema. Tunu akaja jikoni na simu mkononi. Kampuni iliwanyima likizo, na chama cha marubani kilitaka kura yake: wagome au wasigome.

"Nikubali, mama?"

"Kubali, mwanangu. Ndege haziruki bila nyinyi. Na mimi nitapata mtu wa kula naye samaki."

Tunu akacheka. "Kumbe wataka mgomo kwa ajili ya samaki."

"Wa kupaka, wa tui la nazi. Sababu gani tena waitaka?"

Bi Mishi akateleka maji, akalitoa beseni la zamani. Tunu akatia miguu, akainua kidole apige kura. Hapo kule chumbani, kwenye kiti kitupu, sauti yake mwenyewe ikasema kwa upole: "Abiria wetu, karibuni. Mimi ni rubani wenu, Tunu. Sasa tunaruka."

Kidole kikabaki hewani.

"Nani yumo mle?" Bi Mishi aliuliza, ingawa sauti ya mwanawe aliijua tangu kilio cha kwanza.

 Tunu alikaa akijisikiliza, mashine ikirusha ndege bila yeye, na maji yakawa yanapoa miguuni.