Shashi ya Tatu

Asubuhi hiyo, katika studio moja ya Hollywood, mpiga picha alitandaza shashi ya tatu, kitambaa chepesi chenye kupenya mwanga, mbele ya lenzi ili kuficha makunyanzi. Verna, nyota wa filamu, alimwona kutoka kitini, pini za wigi zikimvuta ngozi ya paji la uso.

"Mwaka jana zilikuwa mbili."

"Taa za siku hizi kali mno, bibie."

"Ukinidanganya, nidanganye vizuri, mzee. Taa ni zilezile."

Miaka thelathini ameutunza uso huu kama mjakazi atunzavyo sahani za tajiri, asizolia chakula hata siku moja. Amechoka.

Akainuka, akazing'oa shashi zote tatu, akajifuta rangi ya midomo.

"Haya, tazama."

Mzee akainamia kamera. Akakawia kuinua kichwa, kama mtu anayeuona uso huo kwa mara ya kwanza.