Fitingi ya Tundu Moja

"Futa oili kwanza," mumewe alisema kwenye simu. "Ukichomelea juu ya oili utajiunguza, halafu nani ataendesha hiyo mashine?"

Dereva alibana simu kati ya sikio na bega, akaipangusa fitingi ya hozi kwa pindo la ovaroli lake. Chini ya zege lililoporomoka, pembe ya choo, mdogo wake wa kiume alikuwa akigonga bomba. Bomba lenyewe lilikuwa limepasuka, na maji yalizidi kujaa huko chini. Hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Eskaveta yake ilikuwa pale, nzima kabisa. Nyundo ya kuvunjia zege nayo ilikuwa pale, imelala chini. Kilichokosekana ni kidude cha kuenea kiganjani, fitingi ya kuunganisha hozi ya mashine na nyundo, maana meno ya huku hayakukubaliana na meno ya kule. Asubuhi hiyo alikuwa amemfokea mumewe mbele ya vibarua wote.

"Fundi mzima, nyundo imelala hapa kama mzoga! Nenda mjini ukatafute fitingi, na usirudi mikono mitupu!"

Fundi akaondoka. Mchana, sakafu ya juu ya ghala kuukuu walilokuwa wakilibomoa ikashuka yote.

Mwanzoni kugonga kulisikika pande mbili, pembe ya choo na upande wa ngazi. "Huko kwa ngazi ni mwangwi tu," msimamizi alisema, na kweli, baadaye kukanyamaza. Baada ya kitambo kidogo fundi akapiga simu hii.

"Fitingi umezipata?" dereva alimuuliza hata kabla ya salamu.

"Ninazo mfukoni."

"Basi kimbia, jamani! Mdogo wangu anakufa!"

"Najua. Sifiki, mke wangu. Njia imeziba."

"Panda pikipiki!"

"Hakuna pa kupita. Nisikilize. Toa presha kwenye mashine. Kata fitingi ya hozi, kata na ya nyundo, unganisha nusu kwa nusu, uchomelee."

Dereva alidhani amesikia vibaya. Huyu ndiye fundi aliyewahi kumfukuza msaidizi wake kwa kuchomelea fitingi ya presha. Fitingi ya kuchomelea ni jeneza, ndivyo alivyozoea kusema.

"Itashika?"

"Itashika tundu moja. La pili itapasuka. Kwa hiyo usijaribujaribu. Nenda chooni moja kwa moja."

"Msimamizi anasema nianzie kwenye ngazi, zege la huko ni jembamba."

Mumewe alikohoa, kikohozi kirefu kikavu.

"Ngazi usiiguse," akasema. "Choo. Niahidi."

"Haya, naahidi. Mbona sauti imefifia hivyo? Bado umeninunia?"

"Sijanuna. Ulisema kweli, nilizembea. Chomelea, mama. Maji hayangoji mtu."

Akachomelea. Mshono ulitoka mbaya, una vinundu, aibu tupu kwa mke wa fundi. Akaufunga hivyohivyo, akapanda, akawasha. Hozi ikakakamaa. Fitingi ikatoa jasho la oili, ikashika. Nyundo ikaanza kudunda, na yeye juu ya kiti akiomba kwa sauti, akilia, akiitukana ile fitingi na kuibembeleza kwa pumzi hiyohiyo: vumilia, mshenzi wewe, vumilia kidogo tu.

Zege likatoboka. Vibarua wakaingiza mikono, wakavuta. Mdogo wake akatoka mweupe kwa vumbi kichwani, maji yakimchuruzika kuanzia kidevuni, lakini anapumua. Watu wakapiga kelele za furaha.

Dereva alipoinua nyundo, fitingi ikapasuka. Oili ikaruka juu, mkono wa mashine ukabaki na nyundo mfu ikining'inia.

"Ife tu!" alicheka huku machozi yakimtoka, akaruka chini kumkumbatia mdogo wake. "Imemaliza kazi yake."

"Shemeji yuko wapi?" mdogo wake aliuliza, meno yakigongana kwa baridi.

"Amekwama huko njiani, na fitingi zake nzima mfukoni! Ngoja nimpigie. Nilimfokea mbele ya watu, na radhi nitamwomba mbele ya watu."

Akaweka simu kwenye spika, akainua mkono ili wote wanyamaze. Kelele zikatulia. Akapiga.

Simu ikaita chini ya zege, upande wa ngazi.