Makubadhi ya Barazani

Wageni walivua viatu barazani na kuvipanga ukutani, maana zulia la Ikulu ya zamani halikanyagwi kwa viatu. "Ni desturi ya Mzee mwenyewe, tangu alipokuwa rais," alisema Nasra, binti aliyekuwa akiwatembeza. "Hata mawaziri walivua."

Bi Mize alivua kandambili zake. Kisha akatoa kikapuni makubadhi ya kiume, ngozi imekauka na kujikunja, akayaweka kando ya zake, ncha zikielekea ndani.

"Hayo ya nani, bibi?"

"Ya mume wangu."

Nasra akatazama getini. "Tumsubiri?"

"Alishatangulia, mwanangu. Mzee alimwita chai humu ndani. Kesho yake askari akaniletea haya."

Nasra akaendelea na kazi. Aliwaonyesha meza ya mninga, picha za sherehe, vikombe vya chai vyenye ukingo wa dhahabu. Bi Mize alibaki kwenye vikombe mpaka wenzake wakamwacha.

"Na mlango ule mdogo?" aliuliza.

"Huo haufunguliwi, bibi."

Jioni kila mtu alivaa viatu vyake. Bi Mize alivaa kandambili, akashuka ngazi na kikapu kitupu, bila kugeuka nyuma.

Mlinzi alipopita kukagua, aliyakuta makubadhi yamebaki peke yake ukutani.

"Nasra, kuna mtu bado yumo ndani?"

Nasra alikuwa amesimama kwenye mlango mkubwa, funguo mkononi. Hakufunga.